Je, nyumba za kodi nafuu huharibu kitongoji?

Katika kikao kimoja cha kikundi cha kujifunza huko Samuye, Wilaya ya Shinyanga, tulikuwa na jambo moja tu la kuamua. Kikundi kilikuwa na kiwanja na fedha za kujengea vyumba vinne vya kupangisha kwa kodi nafuu. Walengwa walikuwa walimu wapya, wauguzi, na wajane wasio na mahali pa kukaa. Tulidhani tungemaliza kabla ya chakula cha mchana. Hatukumaliza.

Mama mmoja anayepangisha vyumba viwili nyumbani kwake alisimama akasema, "Ndugu zangu, mkipangisha kwa nusu ya bei yangu, mimi nitampata nani?" Mzee mmoja akauliza kama vyumba vya bei rahisi havitatuletea wageni wasiojulikana kutoka machimboni. Kijana aliyekaa nyuma akajibu kwa upole, "Shikamoo mzee. Mimi nimetoka machimbo ya Mwakitolyo, na sijaiba kitu cha mtu." Watu walicheka, lakini maswali yale yalikuwa ya kweli. Somo hili limetokana nayo.

Kodi nafuu ni nini?

Kodi nafuu ni kodi iliyo chini ya bei ya soko kwa sababu mtu mwingine amelipa sehemu ya gharama. Anayelipa anaweza kuwa serikali, mwajiri, kanisa, msikiti au wafadhili. Sehemu hiyo huitwa ruzuku.

Sisi wa Shinyanga tumeyaona hayo siku nyingi. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa mwaka 1940 na John Williamson, ulijengewa mji wake wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Nyumba za walimu na za waganga vijijini nazo ni za aina hiyo. Basi kinachohitaji kujulikana ni kwa nini nyumba hizi huinua mtaa mmoja na kuudhoofisha mwingine.

Tulichojifunza nchini kwetu

Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, mara baada ya uhuru. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba duni za miti na udongo mijini, hasa Dar es Salaam katika maeneo kama Magomeni, na kujenga za matofali mahali pake. Nia ilikuwa njema, na watu wengi walipata nyumba imara. Lakini sehemu kubwa ya nyumba hizo zilichukua nafasi ya zile zilizobomolewa, kwa hiyo idadi ya nyumba haikuongezeka sana wakati watu wakimiminika mjini. Katika miaka ya 1970 serikali iligeukia mpango wa kupima viwanja na kuweka huduma ili wananchi wajijengee wenyewe. Sinza na Kijitonyama ni matunda ya mpango huo.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majengo. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba. Kwa miaka mingi kodi za nyumba nyingi zilidhibitiwa na sheria, ambayo ilifutwa mwaka 2005.

Wapangaji wengi walinufaika na kodi hizo ndogo, na hatuwezi kulisahau hilo. Hata hivyo yalitokea mambo mawili. La kwanza, kodi iliyokusanywa haikutosha matengenezo. Rangi ilibabuka, mabomba yakavuja, paa zikaoza. La pili, ufunguo wenyewe uligeuka kuwa mali. Mpangaji aliyetaka kuhama alimwachia mwingine nyumba kwa kulipwa kilemba. Wengine walibaki na mkataba kwa jina lao, wakampangisha mtu wa tatu kwa bei ya soko. Hivyo ruzuku iliyokusudiwa mnyonge iliishia mfukoni mwa mwenye ufunguo.

Mfano wa karibu zaidi ni Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa ili eneo lijengwe upya, zikasubiri kwa miaka. Mwezi Oktoba 2016 Rais John Magufuli aliahidi kwamba zitarudi na kukaa miaka 5 bila kulipa kodi. Majengo mapya ya ghorofa yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022. Tunajifunza kwamba waliokuwepo mwanzo wanaweza kukumbukwa. Tunajifunza pia kwamba nyumba huvunjwa kwa siku chache, lakini ujirani uliotawanyika kwa miaka hukusanyika kwa shida.

Majirani zetu wa Kenya

Huko Nairobi, kuanzia mwaka 1992, Jimbo Kuu Katoliki lilisimamia uboreshaji wa mtaa wa Mathare 4A kupitia Amani Housing Trust, kwa msaada wa serikali ya Ujerumani. Vibanda vilinunuliwa kutoka kwa wenyewe na kugeuzwa kuwa vyumba bora, pamoja na vyoo, maji na njia. Wapangaji walibaki palepale, na kodi ikapangwa ndani ya uwezo wao. Lakini baadhi ya wenye vibanda waliona wamenyang'anywa riziki. Ulizuka upinzani mkali, na kazi ilisimama kabla ya mtaa wote kukamilika. Yule mama wa Samuye hakuwa na habari za Mathare, lakini aliuliza swali lilelile.

Katika Kibera, mwaka 2009, familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa kwenye ghorofa za muda huko Lang'ata wakati mtaa wao ukijengwa upya. Baadhi yao walipangisha vyumba vyao vipya kwa watu wenye kipato kikubwa zaidi, wakarudi vibandani. Tusiharakishe kuwalaumu. Kwa mtu asiye na kipato cha uhakika, chumba kizuri ni fedha anayoweza kuipata leo.

Je, thamani ya nyumba za majirani hushuka?

Hofu hii ipo duniani kote. Nchini Marekani, tangu mwaka 1986, wajenzi hupewa nafuu ya kodi ya serikali wakikubali kupangisha kwa bei ndogo. Watafiti Rebecca Diamond na Tim McQuade walichunguza nyumba hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Katika mitaa ya watu wa kipato cha chini, bei ya nyumba zilizo jirani kabisa ilipanda kwa asilimia 6.5, na uhalifu ulipungua. Katika mitaa ya wenye kipato kikubwa isiyo na wakazi wengi wa jamii za wachache, bei ilishuka kwa asilimia 2.5.

Samuye si Marekani. Hata hivyo hoja yenyewe inaeleweka. Mahali palipochakaa, jengo jipya linalotunzwa huleta watu, mwanga na wateja wa duka. Mwalimu anayelala kijijini hununua mboga kijijini. Anayelala mjini huondoka na mshahara wake kila jioni.

Sisi wenyewe tulikosea

Tusiwanyoshee wengine kidole tu. Miaka iliyopita tulisaidia kujenga nyumba za watumishi katika kijiji kimoja. Tuliweka kodi ndogo mno, tukaona ndiyo huruma. Baada ya misimu michache ya mvua upepo ulipeperusha mabati matatu, na choo kilikuwa kimejaa. Tulipofungua daftari la fedha, hapakuwa na kitu. Muuguzi aliweka ndoo chini ya tundu kwa mwezi mzima, kisha akaomba uhamisho. Kijiji kilibaki na jengo bovu kikakosa muuguzi. Ile kodi ya huruma ilimfukuza mtu tuliyetaka akae.

Mambo manne ya kuamua kabla ya kujenga

1. Kodi itoshe matengenezo. Tuchukue mfano. Jengo la vyumba vinne limegharimu shilingi 24,000,000. Tukitenga asilimia 2 kila mwaka kwa matengenezo, tunahitaji shilingi 480,000. Tukikadiria kwamba kila chumba kitalipiwa miezi 10 tu kwa mwaka, tutapokea kodi ya miezi 40. Gawanya 480,000 kwa 40, unapata 12,000. Hicho ndicho kiwango cha chini kwa chumba kwa mwezi, hata kama jengo lilikuwa zawadi. Ruzuku ilipe ujenzi, na kodi ilipe utunzaji. Wasukuma wanaijua hekima hii katika ngitili. Majani huzuiwa masika ili ng'ombe wale wakati wa kiangazi. Fedha za matengenezo ni ngitili ya nyumba, kwa hiyo msizilishe mapema.

2. Ufunguo uwe na sheria. Andikeni nani anastahili chumba, kwa muda gani, na nini kitatokea akihama. Chumba kirudi kwa kamati, kisipitishwe kwa rafiki wala kwa dalali. Orodha ya wanaosubiri isomwe hadharani. Anayeshindwa kulipa kwa ugonjwa asikilizwe, lakini asiyeishi chumbani asiendelee kukishika.

3. Msijenge kando peke yake. Mstari wa vyumba uliotengwa pembeni mwa kijiji hupata jina baya upesi. Ni heri vyumba viwili hapa na viwili pale, katikati ya kaya. Mlinzi wa kwanza wa mgeni na wa mwenyeji ni kufahamiana. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa ambako sungusungu walianzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nguvu yao ilitokana na watu kujuana. Mpangaji mpya apelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, ajulishwe kwa majirani, aalikwe kwenye kazi za pamoja na kwenye misiba. Anayechimba kaburi pamoja nanyi si mgeni tena.

4. Wenye vyumba vya kupangisha washirikishwe. Vyumba vinne havitavunja soko la mji mkubwa, lakini kijijini vinaweza kumuumiza mjane mwenye vyumba viwili. Mara nyingine si lazima kujenga. Kikundi kinaweza kumkopesha mama huyo saruji na mabati, naye akapangisha kwa bei waliyokubaliana kwa miaka kadhaa. Ruzuku ni ileile, ila inapita katika nyumba iliyopo, na mwenye nyumba yupo hapo kuitunza.

Na machimbo je?

Dhahabu ikionekana mahali, watu hujaa ghafla na kodi hupanda. Walimu, wauguzi na wakazi wa zamani husukumwa nje na wenye fedha za haraka. Dhahabu ikipungua, vyumba hubaki vitupu. Kwa hiyo katika ukanda wetu kodi nafuu ina kazi nyingine, nayo ni kuwashikilia wale ambao kijiji hakiwezi kukaa bila wao. Lakini mkataba usiwe wa kumbagua kijana kwa sababu ametoka machimboni. Mwangalieni kwa mwenendo wake.

Nabii Isaya, katika sura ya 65, anatazamia wakati ambapo watu watajenga nyumba na kukaa ndani yake wenyewe. Kwake makazi ni sehemu ya haki na ya amani. Ukisoma hivyo, hutamtazama mpangaji kama mzigo wa kitongoji, wala mwenye nyumba maskini kama adui wa maendeleo.

Samuye waliamuaje?

Kikao kilirudiwa mara mbili. Mwishowe kikundi kiliamua kujenga vyumba viwili badala ya vinne. Fedha zilizobaki zikawa mkopo kwa watu wawili wenye vyumba vya kupangisha, akiwemo yule mama. Kodi ilipangwa kwa hesabu tuliyoionyesha hapo juu, na yule mzee alichaguliwa kuwa mmoja wa watunza daftari. Kijana wa Mwakitolyo alipewa kazi ya kupiga lipu. Hatuwezi kusema mpango huu utafaulu, kwa sababu mvua za misimu mitano bado hazijaupima. Tunachoweza kusema ni kwamba waliokuwa na hofu ndio sasa wanaoshika hesabu.

Maswali ya kujadili

- Katika kijiji au mtaa wenu, nani anashindwa kupata chumba? Nani amehama kwa sababu hiyo?
- Je, kuna nyumba ya umma iliyochakaa karibu nanyi? Kodi yake ilitosha matengenezo? Nani alishika ufunguo?
- Fanyeni hesabu ya matengenezo kwa jengo lenu. Kiwango cha chini cha kodi ni shilingi ngapi?
- Nani hupangisha vyumba kwenu sasa? Mmewauliza wanaonaje?
- Mpangaji mpya hupokewa vipi kitongojini? Mngependa apokewe vipi?
- Someni Isaya sura ya 65. Kama kikao kingefanyika kwenu, nani asingepewa nafasi ya kusema? Mtamfikiaje kabla hamjaanza kuchimba msingi?