Msumeno wa batri wenye mkono mrefu: tupunguze matawi bila kupanda juu ya mti



Kila mwaka, kahawa ikiisha kuvunwa na kiangazi ikianza, kazi ya kupunguza matawi inarudia. Grevillea zenye kuleta kivuli zimefunga juu ya kahawa. Avoka ya karibu na nyumba imelaza matawi juu ya mabati. Kijana wa nyumbani anaambiwa: «Panda, ukate.» Anapanda na panga mkononi, bila kamba, bila viatu.

Kiangazi iliyopita, baba mmoja mu koperative tunayoifuata alianguka toka kwenye avoka yake. Tawi alilokanyaga lilikuwa limeoza ndani, kwa nje halikuonyesha kitu. Alivunjika mguu, akakaa miezi mitatu bila kugusa jembe. Feza ya kahawa iliishia kwa hospitali, na mama alibaki na shamba lote peke yake. Ni juu ya hiyo tulijaribu pamoja na komite msumeno wa batri wenye mkono mrefu. Somo hili linaeleza vile tuliufanyia kazi, na pale sisi wenyewe tulikosea.

Kifaa chenyewe kiko namna gani?

Ni msumeno mdogo wa mnyororo, sawa tronsoneze, lakini umefungwa kwenye ncha ya mkono wa alumini wenye kurefuka. Hauombi petroli, mota inazungushwa na batri. Ule tuliojaribu ni wa bei ndogo: batri ni ya volti 20, ubao wa mnyororo ni santimetre 20, na mkono unafika metre 2 na nusu hivi. Mtu wa urefu wa kawaida, akisimama chini, anafikia tawi la metre 4.

Uzito ni kilo 4 hivi. Lakini kilo 4 kwenye ncha ya mti mrefu si sawa na kilo 4 mu kikapu. Kisha dakika kumi mabega yanalia. Mpokezane, mtu asifanye ushujaa.

Tuseme pia kile usichoweza. Si wa kuangusha mti. Tawi lenye kupita santimetre 10 za unene, uliachie msumeno mkubwa. Na grevillea ya metre 15 yenye haijawahi kukatwa, hautaifikia. Kwa hiyo funzo la kwanza ni hili: tuanze mti ukiwa kijana, tukate kidogo kila mwaka. Avoka yenye kupunguzwa kila kiangazi haikimbii juu, na matunda yake yanachumwa bila mtu kuhatarisha shingo.

Batri na umeme

Wengi walituuliza: «Sisi hatuna umeme mu kijiji, tutafanya nini?» Tuhesabu pamoja. Batri ya volti 20 na ampea-saa 2 inabeba wati-saa 40. Ni sawa na balbu ya wati 5 yenye kuwaka saa 8. Pano ya sola ya wati 100 yenye iko na batri yake, siku ya jua nzuri, inaweza kuijaza na kubaki na umeme wa kuwasha taa, hata tukihesabu ule unaopotea njiani. Inaombwa tu kuwe na konvertisere ya kutoa umeme wa kawaida, juu mashini inakuja na chaja yake, na hiyo ndiyo ya kutumia. Msiunganishe batri moja kwa moja na nyaya za pano.

Kwetu, batri moja ilifika nusu saa na kidogo, tukikata na kupumzika. Ukiwa na batri ya pili, kazi haisimami.

Batri haipendi moto. Usiiache juu ya mabati ya jua wala karibu na mafiga. Ikitoka kazini ikiwa na joto, ngoja ipoe mbele ya kuijaza. Ikivimba, usiitumie tena. Wakati wa mvua, kama mashini inapumzika miezi, iwekwe pakavu ikiwa na nusu ya moto, si tupu.

Mbele ya kukata

Funga mambo haya mu kichwa:

1. Tazama nyaya za umeme. Mkono ni wa alumini, na alumini inapitisha umeme. Kama waya unapita karibu na mti, kaa mbali nao metre 10 au zaidi. Hata waya mwembamba wenye jirani alijivutia mwenyewe unaua. Mti unaogusa waya, tuwaachie watu wa umeme.
2. Usikate wakati wa mvua, wala mti ukiwa umelowa.
3. Vaa kaski, maneti ya kukinga macho, na buti. Kikwembe au koti lenye kuning'inia lifungwe vizuri. Vumbi la mbao linaanguka moja kwa moja mu macho.
4. Watoto, mbuzi na watazamaji wakae metre 15. Mtu mmoja awe na kazi ya kuchunga tu.
5. Usikate peke yako, na usipande ngazi na mashini hii. Miguu miwili ibaki chini.
6. Usisimame chini ya tawi. Simama kando, mkono ulale kwa pembe, usisimame wima juu ya kichwa. Na mbele ya kuwasha, angalia njia ya kurudi nyuma: kusiwe mawe, mizizi wala jembe.

Mikato mitatu

Hapa ndipo tulikosea. Siku ya kwanza tulikata tawi la avoka toka juu, mara moja, karibu kabisa na shina. Tawi lilianza kuanguka mbele ya kukatika, likararua ganda la mti chini, urefu wa mkono mzima. Kisha likapiga kona ya bati la jiko. Mwenye nyumba hakusema kitu, lakini uso wake ulisema. Bati tulilipa. Kidonda cha mti hakilipwi.

Kwa tawi lolote lenye uzito, tufanye hivi:

Mkato wa kwanza unatoka chini. Pima santimetre 30 toka shina, ukate toka chini kwenda juu, robo ya unene tu. Ukiendelea, tawi litabana msumeno.

Mkato wa pili unatoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, upande wa ncha ya tawi. Tawi litaanguka, na ganda halitararuka, juu ya ule mkato wa chini.

Mkato wa tatu unaondoa kisiki chenye kimebaki. Tazama pale tawi linatoka kwenye shina: kuna uvimbe kama kola ya shati. Kata nje kidogo ya kola hiyo. Ukikata ndani yake, mti hautafunga kidonda vizuri. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza, na ubovu utaingia ndani ya shina. Kumbuka lile tawi lililomwangusha yule baba.

Kama tawi ni refu, anza na ncha, ukate vipande vipande. Acha mnyororo uzunguke vizuri mbele ya kugusa tawi, kisha uzito wa mashini ufanye kazi. Usisukume.

Tukate matawi gani?

Tuanze na yaliyokauka, yaliyovunjika, yanayosuguana, na yanayogusa nyumba. Kwa avoka, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mwaka. Ukiivua nguo zote, jua linachoma ganda la matawi. Sehemu zenye kubaki wazi zinaweza kupakwa chokaa.

Kwa grevillea mu kahawa, ondoa matawi ya chini, uache kichwa cha juu. Kisha simama katikati ya kahawa saa sita ya mchana, tazama udongo. Kivuli kikifunika theluthi moja hivi, na jua likipita katikati yake, ni vizuri. Kahawa yenyewe nayo ikatwe matawi ya zamani. Antestia, ule mdudu wenye kuhusika na ladha ya kirayi mu kahawa yetu, anapenda kujificha mu kahawa yenye kufungamana. Angusha matawi upande wa njia, si juu ya mistari ya kahawa.

Na matawi usiyachome. Ya moja kwa moja yanakuwa miti ya kushikilia maharagi ya kupanda. Manene yanakuwa kuni. Majani tuyatandaze chini ya kahawa, yalinde udongo na unyevu.

Kutunza mashini

Toa batri kila mara unapogusa mnyororo. Hii ni sheria, hata kwa fundi. Mnyororo uombe mafuta: ukikauka, unapata moto na kuharibu ubao. Usilegee mpaka kutoka mu njia yake, wala usikaze mpaka kukataa kuzungushwa na mkono wenye ganti. Usiguse udongo, juu mchanga unaua meno haraka. Msumeno ukitoa unga pahali pa vipande, meno yamekwisha. Unoe na tupa ya mviringo yenye kipimo cha mnyororo huo.

Mashini ya mtu mmoja au ya wote?

Mashini inafanya kazi siku chache tu kwa mwaka. Kwa mtu mmoja ni feza yenye kulala, kwa koperative ni afadhali. Tuseme, kwa mfano, mashini, batri ya pili, kaski na maneti vyote vinaomba dola 150. Watu 30 wa AVEC moja watatoa dola 5 kila mmoja. Lakini kitu cha wote bila daftari kinakufa haraka. Mteue watu wawili wenye kufundishwa, wao peke yao waitumie. Muandike nani ameichukua, siku gani, imerudi namna gani. Kila anayeitumia aweke kidogo kwa mnyororo mpya.

Na kama feza haijapatikana, msumeno wa mkono uliofungwa kwenye mti mrefu wa kushika unafuata mikato ile ile mitatu. Utachelewa, lakini miguu itabaki chini.

Maswali ya kuzungumza mu kikundi

Ni miti gani karibu na nyumba zetu iko na matawi makavu juu ya njia ya watoto? Nani kati yetu bado anapanda na panga, na tumsaidie namna gani? Mu kijiji chetu, batri itajazwa wapi?

Yule baba anatembea sasa. Siku tulipoleta mashini kwake, alisimama kando na fimbo yake, akachunga watoto wasikaribie. Kazi ya mchungaji aliiomba yeye mwenyewe.

Kazi njema, na kiangazi yenye heri.