Kila Kazi na Wakati Wake

Wazazi wengi wa pwani wana watoto wanaosoma Eldoret, mji uliojulikana zamani kwa nambari ya shamba, 64, na uliofanywa jiji mwaka 2024. Wako wasomao Chuo Kikuu cha Moi, kilichoasisiwa mwaka 1984, na wako wasomao Chuo Kikuu cha Eldoret. Mzazi amejinyima, pengine ameuza minazi yake, ili karo ipatikane. Basi ni msiba ulioje mtoto huyu akirudi hakufaulu, na sababu si uchache wa akili, bali ni kuchelewa kupeleka kazi alizopewa!

Tumeona ya kuwa wengi wa vijana wetu si wavivu. Kosa lao ni kuanza kwa lililo jepesi, na lililo zito wakaliacha hata usiku wa mwisho.

Wanavyuoni wa usuli wameigawa faradhi mafungu mawili kwa wakati wake. Iko yenye wakati mpana, kama sala ya adhuhuri. Na iko yenye wakati wa dhiki, kama saumu ya Ramadhani, ambayo mchana wote ni wake. Na ile yenye wakati mpana, ukiichelewesha mpaka ukabakia muda wa kuitosha tu, nayo hugeuka ya dhiki. Kazi ya masomo ni vivyo hivyo.

Basi mwanafunzi na afanye mambo matatu. Kwanza, muhula unapoanza, aandike katika daftari moja kila kazi na siku yake ya mwisho. Pili, kando yake aandike alama zake na muda anaokisia utamtosha. Katika vyuo vingi vya Kenya kazi za muhula huwa kama alama 30 katika 100, na mtihani 70. Haifai kukesha kwa alama 5 na kuzipuuza 20. Tatu, ahesabu kurudi nyuma tangu siku ya mwisho.

Tuseme leo ni Jumamosi. Ana insha ya alama 10 itakiwayo Jumatatu, ya muda wa saa 4. Na jaribio la alama 20 siku ya Jumatano, lihitajilo saa 12 za kudurusu. Akisema, "Jumatano iko mbali," akaipa insha siku mbili nzima, jaribio litamwangukia katikati ya vipindi vya darasani. Lakini akiimaliza insha Jumamosi asubuhi, akadurusu saa 4 jioni yake na 4 Jumapili, zitabakia saa 2 Jumatatu na 2 Jumanne, na usiku atalala.

Sala iliyopitwa na wakati hulipwa. Ama kazi iliyopitwa na siku yake, mwalimu halazimiki kuipokea. Nanyi wazazi, mpigapo simu Eldoret, msiulize habari za baridi na chakula tu. Ulizeni pia: "Mwanangu, ni kazi gani iliyo karibu, nawe umekwisha kuianza?"