SOMO LA WIKI: Maji Kidogo, Lakini Kila Siku

Somo la leo nilifundishwa na ndoo ya nyanya kwa veranda yangu.

Mwaka jana nilipanda nyanya kwa ndoo tatu za rangi, zile za lita 20. Nilitoboa matundu chini maji yapite, nikachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, nikaziweka mahali zinapata jua zaidi ya saa sita kwa siku. Ni Money Maker, ile inayorefuka, kwa hivyo kila mche niliufunga kwa kijiti. Zikachanua, zikazaa. Halafu kazi ikanizidi, siku tano sikumwagilia. Nilipokumbuka, nikazifurikisha. Matunda yakaanza kuoza kitako, meusi kabisa. Nikanunua dawa, nikapuliza. Wapi!

Mama anayeuza miche akaniambia, "Dada, huo si ugonjwa wa dawa. Nyanya hupata kalisiamu kupitia maji. Leo mafuriko, kesho ukame, tunda linakosa chakula chake. Mwagilia kidogo, lakini kila siku."

Nilirudi nyumbani nikimfikiria jirani yangu aliyefiwa na mume. Wiki ya matanga nilikuwa kwake kila siku, na chapati, na sufuria za chai. Tulifurika! Baada ya mazishi, miezi minne sikubisha mlango wake. Siku tulipokutana dukani aliniambia kwa upole, "Mama Ruth, nilidhani mlihama." Sikuwa na jibu.

Kuna jambo la pili. Jirani huyo ana kijana wa miaka 16. Tangu baba yake azikwe, hasemi na mtu. Watu wanamkalisha chini, wanamhubiria, wanamwambia ajikaze.

Mimi nilikuwa na vitunguu viwili vya ua la amarilisi. Ua hili likimaliza msimu wake, majani hukauka, kitunguu kinapumzika udongoni. Ukikiona utasema kimekufa. Kimoja nilikihurumia, nikakimwagilia kila siku. Kikaoza. Cha pili nilikisahau nyuma ya mlango, pakavu. Mvua ya Machi ilipoanza nikakitoa nje, nikakipa maji, kikasimamisha shina na maua mekundu.

Kwa hivyo, mpendwa, si kila aliyenyamaza amekufa moyo. Mwingine anapumzika. Usimtupe, lakini pia usimzamishe kwa maneno. Na yule anayebeba mzigo wa nyumba anahitaji mkono wako mara kwa mara, hata kama ni kidogo.

Sasa kila Alhamisi napita kwa jirani. Dakika ishirini tu. Mwezi uliopita nilimbebea ndoo moja ya nyanya. Kijana alikuwa mlangoni, nikamsalimia tu, sikumuuliza kitu. Alhamisi iliyofuata akasema mwenyewe, "Auntie, hii ndoo ulitoboa na nini?" Nikamwambia, "Msumari wa moto." Akasema anataka kutengeneza yake. Mama yake aligeuka akaangalia ukuta.

ZOEZI LA WIKI HII
1. Kumbuka mtu mmoja aliyefiwa zaidi ya miezi mitatu iliyopita. Nani alimtembelea mwisho?
2. Chagua siku moja ya wiki ambayo utaweza kuifuata. Usiahidi kubwa.
3. Kama kuna aliyenyamaza nyumbani humo, msalimie kwa jina, kisha mwache apumue.

Mungu atupe mkono usiochoka. Amina.