Choo kinanitoka kabla sijafika: je, ni mimi peke yangu?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa miaka 52, ninakaa Mangobo hapa Kisangani. Nimezaa mara sita. Mtoto wa kwanza alichelewa sana kutoka, mkunga akanikata, nikashonwa. Tangu mwaka jana choo kikinibana siwezi kukizuia. Mara mbili kimenitoka sokoni, na siku nyingine nakuta nguo imechafuka bila hata kusikia. Nina ugonjwa wa sukari, nakunywa metformini. Nimeacha kwenda kwaya, na bwana yangu hajui kitu. Mama mkwe anasema ni laana. Je, kuna watu wengine wenye shida hii? Na inatibika?

JIBU: Mama, pole sana, na aksanti kwa kuandika. Hii si laana, na hauko peke yako hata kidogo. Mwaka 2024 watafiti walijumlisha matokeo ya tafiti 80 za nchi mbalimbali. Waliona kwamba katika kila watu wazima 100 wanaoishi makwao, takribani 8 hupatwa na jambo hili. Wanawake ni kama 9 kwa 100, wanaume kama 7, kwa hiyo wanaume nao wamo, ila wao hunyamaza zaidi. Tafiti za Afrika bado ni chache, lakini ukiichukua hesabu hiyo na kuipeleka kwenye kanisa lenye watu wazima 300, utapata watu 24. Inawezekana kabisa mmoja wao anaimba sauti moja na wewe.

Umri huongeza uwezekano. Huko Marekani, kwa vijana wa miaka 20 hadi 29 ilionekana kwa watu wasiofika 3 kwa 100, na kwa wenye miaka 70 na zaidi, 15 kwa 100. Hata hivyo, kusema "ni uzee tu" ni jibu la uvivu, na linaniumiza kila ninapolisikia, kwa sababu humrudisha mgonjwa nyumbani bila kuulizwa chochote. Wengi hawamwambii daktari. Husema "nina kuhara" wakaandikiwa dawa ya minyoo. Na sisi tunaovaa koti jeupe tunauliza homa, kikohozi na usingizi, lakini swali la "choo unakizuia vizuri?" hatuliulizi.

Sasa tazama mambo yaliyo katika barua yako. Mlango wa haja kubwa unalindwa na misuli miwili ya mviringo. Wa ndani hufanya kazi wenyewe, hata ukiwa usingizini. Wa nje unaubana kwa hiari yako, ukiwa mbali na choo. Mtu anayebanwa ghafla na kushindwa kuvumilia mara nyingi ana udhaifu wa msuli wa nje. Anayechafuka bila kusikia mara nyingi ana kasoro ya ule wa ndani, au neva zinazopeleka habari zimepungua nguvu. Wewe una dalili zote mbili.

Uchungu mrefu wa mtoto wa kwanza ni jambo la kwanza ninalolishuku. Kichwa kikikaa muda mrefu njiani, au mtoto akivutwa kwa chuma, msuli unaweza kuchanika na neva zikavutika. Hata mkato wa mkunga unaweza kuwa na sehemu yake, hasa ukielekea moja kwa moja nyuma, maana ni rahisi kuendelea hadi kwenye msuli. Ndiyo sababu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba halipendekezi kumkata kila mama kama desturi. Mwanamke kijana huweza kuishi na mpasuko huo miaka ishirini bila kujua, kwa kuwa misuli mingine inamsaidia. Hedhi inapokatika, misuli hiyo hulegea, ndipo shida ya zamani inajitokeza. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake: Mto Kongo hapa mjini hauna daraja, na mama wa Lubunga, ng'ambo ya pili, anayeshikwa na uchungu usiku anahitaji mtumbwi kabla hajahitaji daktari. Wale wa Opala, Ubundu au Bafwasende wana njia ndefu zaidi. Kila saa ya kusubiri inalipwa na mwili wa mama.

Wengi wakisikia habari hii hufikiri fistula. Ni tofauti. Fistula ni tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu au utumbo, hivyo mkojo au choo hupita ukeni. Huletwa na uchungu uliokwama siku nyingi, na huku mashariki pia na ukatili wa kubakwa. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imejulikana duniani kwa kuitibu. Kama choo au upepo hupita mbele, mwambie mganga hivyo hivyo, maana tiba yake ni upasuaji.

Lakini kwako, mama, kabla ya kisu kuna jambo la kutazama, nalo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: choo chenyewe kikoje? Choo laini au cha majimaji ni miongoni mwa visababishi vikubwa kabisa vya tatizo hili. Msuli uliochoka unaweza kuzuia choo kigumu kiasi, lakini hauwezi kuzuia maji. Na metformini, dawa nzuri sana ya sukari, huwaharisha watu wengi. Sukari yenyewe ikikaa juu miaka mingi huharibu neva za utumbo. Nashuku basi kwamba msuli wako ulijeruhiwa zamani, na mwaka jana choo kilicholegea kikauzidi nguvu. Usiache metformini kwa uamuzi wako. Muulize daktari wako juu ya kupunguza kipimo, kuinywa pamoja na chakula, au kupewa aina inayoyeyuka polepole.

Angalia pia unachokula na kunywa. Kahawa, pilipili nyingi, vinywaji vya sukari na pombe kali ya lotoko huharakisha utumbo. Wali, lituma na ndizi huwasaidia wengi kushikisha choo, ila kwa sukari yako kula kwa kiasi. Na tafadhali, acha lavema, yaani kujisukumia maji au dawa kupitia njia ya haja kubwa. Najua katika mji huu tunaipiga kwa kila kitu, watu wazima hata watoto wachanga, na wengine hutia tangawizi au pilipili ndani. Dawa kali huunguza utando wa utumbo na kulegeza choo zaidi.

Kuna na kinyume chake, kinachowadanganya hata wauguzi: mzee aliyefunga choo siku nyingi huvujisha maji pembeni mwa choo kigumu. Akipewa dawa ya kuzuia kuhara, anazidi kufunga. Ndiyo maana mganga anapaswa kukupima kwa kidole, na huna haja ya kuona aibu. Wengine walio hatarini ni waliopata kiharusi, waliopasuliwa bawasiri, waliopigwa mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, na walioumia uti wa mgongo, iwe kwa pikipiki au kwa vipande vya makombora ya Vita vya Siku Sita vya hapa Kisangani, Juni 2000.

Je, inatibika? Wengi hupata nafuu kubwa bila upasuaji. Kaa chooni kila siku baada ya kifungua kinywa, maana chakula huamsha utumbo. Fanya mazoezi: bana kama unayezuia upepo, hesabu hadi tano, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Matokeo huonekana baada ya majuma mengi, si siku mbili. Jioshe kwa maji bila sabuni kali, jikaushe taratibu, paka mafuta mazito ili ngozi isichubuke. Daktari anaweza kukupa loperamidi kidogo kabla ya kwenda kwaya, ila dawa hiyo hainywewi ukiwa na homa au choo chenye damu. Ikishindikana, msuli uliochanika unaweza kushonwa.

Usisubiri kama unaona damu, unakonda, au choo kimebadilika ghafla. Na kama miguu imelegea au unahisi ganzi kati ya mapaja, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mweleze bwana yako, ili asidhani umemkwepa kwa sababu nyingine. Kisha nenda kwenye Kliniki za Chuo Kikuu au Hospitali Kuu ya Makiso, chukua dawa zako zote mkononi, na mganga akiuliza una nini, anza na maneno haya: "Choo kinanitoka bila kutaka."