Hesabu ya Watu na Uhai wa Ardhi

Mara nyingi twasikia ikisemwa, hata na watu wenye elimu, kwamba ardhi inachakaa na misitu inakwisha kwa sababu moja tu: watu wamezidi. Neno hili ni jepesi kutamkwa, bali ni zito kwa jamaa zetu, maana humfanya mtoto azaliwaye aonekane kuwa mzigo kwa nchi. Yafaa basi tulipime vema kabla ya kulikubali au kulikataa.

Iko elimu iitwayo demografia, ndiyo elimu ya hesabu ya watu. Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kujumlisha vichwa tu. Sivyo. Huuliza pia watu hao wana umri gani, wanakaa wapi, wanahamia wapi, na kila nyumba ina watu wangapi. Wachunguzi wa mazingira na wa tabia ya nchi huihitaji sana, kwa kuwa jumla ya watu peke yake yaweza kuwapotosha.

Kwanza, tutazame Machakos, kwa jirani zetu wa Kenya. Katika miaka ya 1930 wilaya ile ilikuwa na watu wapatao 240,000, na maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwa wamekata tamaa kwa jinsi udongo ulivyochukuliwa na maji. Kufikia mwaka 1989 watu walikuwa karibu 1,400,000. Kwa hesabu ya vichwa, nchi ile ingalikuwa jangwa. Lakini Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walioeleza habari hizi katika kitabu mwaka 1994, walikuta mmomonyoko umepungua, miti imeongezeka, na thamani ya mavuno kwa kila mtu imezidi ya zamani.

Je, ilikuwaje? Wakulima walichimba yale matuta yaitwayo «fanya juu», ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mfereji. Wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo katika vikundi vyao vya mwethya. Walioajiriwa mijini walipeleka fedha nyumbani, na Nairobi ilikuwa soko la karibu. Hatusemi kwamba wingi wa watu hauwezi kamwe kuumiza ardhi. Pasipo soko, maarifa na haki ya kumiliki shamba, waweza kuiumiza sana. Twasema tu kwamba idadi peke yake haikutoa jibu.

Pili, umri. Mwezi wa Agosti 2003 joto kali liliua watu wapatao 15,000 huko Ufaransa. Joto lilikuwa la wote, bali waliokufa walikuwa hasa wazee, na wengi wao walikaa peke yao. Asiyejua umri wa watu na jinsi wanavyokaa hawezi kujua ni nani wa kuokolewa kwanza.

Tatu, nyumba zetu wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania 44,928,923, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Katika miaka hiyo wastani wa watu katika kaya ulishuka kutoka 4.7 hadi 4.3. Kila kaya ina jiko lake, na majiko mawili ya watu watatu watatu hula mkaa mwingi kuliko jiko moja la watu sita. Kwa hiyo anayetaka kuilinda misitu yetu na ahesabu majiko pia.

Wala tusisahau haki. Kwa wastani, Mmarekani mmoja hutoa hewa ya kaboni zaidi ya mara ishirini ya Mtanzania mmoja. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikataa lawama itupwe juu ya ongezeko la watu huku ulafi wa wachache ukiachwa. Lakini alikiri pia kwamba yafaa kuangalia jinsi watu walivyosongamana mahali fulani.

Basi, enyi wazazi, karani wa sensa abishapo hodi, msimfiche mgonjwa wala mzee, wala msikisie umri wa watoto. Asiyehesabiwa husahauliwa siku ya ukame na siku ya mafuriko.