Gari Linapogonga Mbele: Mafunzo Niliyoyapata Uvunguni

1. Mlio peke yake hautoshi kununulia spea. Sauti husafiri kwenye chuma. Dereva anaapa kuwa shokapu ya kulia imekufa, kumbe kinachogonga ni linki ya stabilaiza ya upande wa pili. Kwanza namuuliza linagonga wakati gani. Likigonga mfululizo kwenye rasta na vishimo vidogo, naanza na linki. Likitoa "gok" moja akikanyaga breki au akiondoka, naenda kwenye bushi za wishboni.

2. Gari likiwa juu ya stendi (si jeki tupu, hapo sibishani na mtu), nalishika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mwenzangu akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki naitazama boljointi. Likicheza kushoto na kulia, nakagua tairodi na reki endi.

3. Mahali pa kuweka jeki ndipo panapoamua utaona nini, na hapa ndipo spea nzima nyingi hutupwa na mbovu zikaachwa. Kwenye gari ambalo springi yake imekalia wishboni ya chini, ukiinua kwa chesisi springi inaibana boljointi, nayo hutulia kana kwamba ni mpya. Weka jeki chini ya wishboni yenyewe, karibu na tairi, kisha nyanyua tairi kwa mtalimbo, ubovu utajitokeza. Linki ni kinyume chake. Ukiinua tairi moja, stabilaiza hujipinda na kuikaza, kwa hiyo naitikisa kwa mkono matairi yote mawili yakiwa chini. Tairodi pia naipima hapo hapo chini: mwenzangu anachezesha usukani kidogo huku na huku, vidole vyangu vikiwa juu ya kiungo. Kilichoisha hudunda vidoleni kabla jicho halijaona kitu.

4. Alaimenti ni ya mwisho. Tairodi inayocheza haishiki kipimo.

5. Bushi ya raba haikazwi moja kwa moja wishboni ikiwa inaning'inia. Gari likishushwa raba hujisokota, inabaki hivyo safari nzima, na huchanika mapema. Nati naishikiza tu, nalishusha gari likalie matairi yake, nalitikisa litulie, ndipo nakaza. Bushi yako mpya ikichanika upesi, kabla ya kulaani duka, muulize fundi aliikaza gari likiwa wapi.