Dondoo muhimu: Kutoka Mbulu na Hanang hadi chuo kikuu

Kijana aliyelelewa kwa mila na ibada huko Dongobesh, Haydom au Katesh hukutana na fikra huria akifika chuoni Dodoma au Dar es Salaam. Ili asikate tamaa wala kugombana na kila mtu:

1. Atafute wenzake mapema. Wakatoliki wana chama chao cha wanafunzi, TMCS; Waprotestanti wengi wako USCF.
2. Asinyamaze semina nzima kisha akalalamike bwenini. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote.
3. "Wazee wamesema" haitoshi kwenye insha. Mjadala ukiwa wa umri wa kuolewa, asome kwanza Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, pamoja na hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2019 kuhusu vifungu hivyo.
4. Asitetee kila mila: kukeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu 1998.
5. Akikasirika, asiandike kwenye kundi la WhatsApp usiku huohuo.
6. Asimpime mwenzake kwa mavazi.
7. Akizuiwa kusali au kutoa maoni, amwone mshauri wa wanafunzi. Ibara za 18 na 19 za Katiba zinamlinda.